Nauli ya Kugusa

Wako watu wa mji wetu wanaowasindikiza watoto wao kwenda kusoma London, wakawausia sana juu ya baridi na chakula, walakini juu ya nauli wasiwaambie neno. Mimi nami sikuwa na la kusema mpaka nilipokwenda kumzuru binti yangu huko mwaka 2025. Hapa Forodhani wazee wetu waliwahi kuona gari la moshi likitoka karibu na Ngome Kongwe kwenda Bububu, maili 7 hivi. Lakini njia ile ilikuwa moja tu, hapana kubadilisha.

Huko London, tangu Septemba 2014, abiria wa treni za chini ya ardhi aweza kulipa kwa kadi yake ya benki, au kwa simu iliyotiwa kadi hiyo. Huigusisha kwenye chombo cha manjano aingiapo, na tena atokapo. Hapana tiketi wala karani. Hesabu hufanywa baadaye kwa kutazama alikoingia na alikotokea.

Basi siku ya kwanza niliingia kwa kadi, nikatoka kwa simu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi. Baadaye nikaona nimetozwa mara mbili, na kila mara nauli ya juu kabisa. Nikasema, "Watu hawa wameniibia!" Binti yangu akanijibu kwa adabu, "La, baba. Kadi na simu kwao ni wasafiri wawili, ijapokuwa fedha zatoka mfuko mmoja. Mmoja ameingia hakutoka, na wa pili ametoka hali hakuingia." Nikaona haya, maana dhana mbaya ndiyo ninayowakataza wanafunzi wangu chuoni kila siku. Na kwa sababu hiyo hiyo mume na mke hawawezi kusafiri pamoja kwa kadi moja.

Kubadilisha treni ndiko kunakowatatiza wengi. Ukishuka hii ukapanda nyengine bila kutoka stesheni, hulipi upya. Lakini ziko stesheni zenye chombo cha pili, cha rangi ya waridi. Tulipotoka Walthamstow kwenda Willesden Junction tulibadilisha Highbury & Islington, na binti yangu akaniamuru nikiguse. Chombo hicho hakitozi kitu. Hushuhudia tu kwamba umezunguka pembeni, hukupita katikati ya mji ambako nauli ni ghali zaidi. Asiyekigusa huenda akahesabiwa kuwa amepita huko, akalipa asichodaiwa.

Niliporejea, kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akijitayarisha kusafiri alinijia na suali. Amesikia kuwa stesheni nyengine hazina malango, ni nguzo tu zenye vyombo hivyo. Je, asipogusa, nani atamjua? Wakaguzi wako, na faini ipo, walakini sikuanza na hayo. Nilimwambia kuwa nauli ile ni haki ya watu, na haki ya asiyekuwa Mwislamu haiwi halali kwetu kwa kuwa hapana bawabu. Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Maalim, kile cha pili umesema ni rangi gani?"