Kulitambua na Kulisafirisha Trekta la Zamani

Katika mashamba ya kandokando ya Ziwa, tangu nyanda za Kano hata Muhoroni, yangaliko matrekta yaliyotengenezwa Uingereza zamani sana. Mengine yamekaa chini ya miti, kuku wakitaga vitini mwake. Huuzwa kwa bei nafuu, na mkulima mwenye ekari chache hudhani amepata bahati. Lakini wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fedha za miwa iliyongojwa miezi 18 zaweza kupotea kwa sababu ya kopo moja la rangi mpya.

Basi yafaa kujua ya kwamba rangi si ushahidi. Trekta dogo la Ferguson, TE20, lilitengenezwa Coventry tangu 1946 hata 1956, zaidi ya nusu milioni, nalo lilitoka kiwandani likiwa la kijivu. Massey Ferguson 35 lenye rangi nyekundu lilitokea mwishoni mwa 1957. Kuukuu la kijivu likipakwa nyekundu laweza kumdanganya mtu, na vipuri vingi vya moja havilifai jingine.

Dalili za kweli ni hizi. Kwanza ni kibati cha namba kilichopo kwenye dashibodi. Katika TE20, herufi TEA ni injini ya petroli, TED ni ya mafuta ya taa, TEF ni ya dizeli. Pili, TE20 huwashwa kwa kusukuma mkono wa gia mpaka penye herufi S. Tatu ni injini yenyewe. Ya dizeli haina plagi. Ina mabomba membamba ya chuma yatokayo kwenye pampu yake hata kila silinda. Mwenye kuuza akisema ni dizeli na plagi zinaonekana, mnunuzi na aage kwa adabu. Mwisho, namba zote zilinganishwe na hati kabla ya shilingi moja kutolewa.

Mizigo mizito si jambo geni Kisumu. Meli William Mackinnon ililetwa vipande vipande, ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1900, kabla reli haijafika mnamo Desemba 1901. Hata hivyo trekta lina hatari zake. TE20 lina uzito wa kilo 1,100 hivi, na Fordson Major hupita kilo 2,000. Maji yaliyotiwa ndani ya magurudumu huongeza mamia ya kilo. Mwenye lori aambiwe mapema.

Likipandishwa kwa nguvu zake lenyewe, lipande kinyumenyume na kushuka likitangulia mbele, kwa maana trekta likipanda mteremko mkali likielekea mbele laweza kuinuka na kumpindukia dereva. Watu wote wasimame mbali. Juu ya lori breki ifungwe, gia itiwe, jembe lishushwe, betri itenganishwe. Minyororo ifungwe kwenye ekseli pande zote nne, wala si kwenye vyuma vya usukani. Baada ya maili chache dereva asimame aikaze tena, na vivyo hivyo kabla ya kuingia kivukoni Luanda K'Otieno kwenda Mbita.

Nusu saa ya kusoma kibati na kukaza mnyororo haigharimu kitu. Trekta lililoanguka barabarani hugharimu shamba, na pengine maisha ya mtu.