Nyota Zinatuhusu, Tena Sisi wa Kahama

Kila ikitangazwa tuzo ya wanasayansi wa nyota, hapa Kahama nasikia maneno yaleyale matatu. Nayajibu.

La kwanza: nyota hazituhusu. Nenda Kakola, usimame kando ya mtu anayeosha mchanga. Anazungusha karai, maji yanamwagika, mchanga mweusi unatulia chini, na ukingoni chenga ya njano inang'aa, ndogo kuliko punje ya ulezi. Ardhi haikuitengeneza chenga ile. Maji ya moto ya chini kwa chini yaliikusanya tu kwenye mwamba. Dhahabu yenyewe iliumbwa angani kabla dunia haijakuwepo. Mwaka 2017, mwaka uleule wa vuta nikuvute ya makinikia (mchanga wa madini) ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, tarehe 17 Agosti mitambo ya kunasa mawimbi ya uvutano, LIGO na Virgo, ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana. Darubini zikaona mwanga wa metali nzito zinazoumbwa. Mwanafizikia Brian Metzger na wenzake walikuwa wameutabiri mwanga huo tangu 2010. Tuzo ya fizikia ya New Horizons aliyopewa Metzger kwa mwaka 2019 inahusu chanzo kimojawapo cha kitu tunachokichimba.

La pili: tuzo wapewe wazee waliomaliza kazi. Tuzo ya Dannie Heineman ya fizikia ya nyota, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1979, inawalenga walio katikati ya kazi. Joseph Taylor aliipata 1980, hajatimiza miaka 40. Yeye na mwanafunzi wake Russell Hulse walikuwa wamegundua, mwaka 1974, nyota mbili za nyutroni zinazozungukana. Nobel ilikuja 1993. Mtafiti atiwe moyo angali na nguvu za kukesha.

La tatu: hayo ni mambo ya Wazungu. Hili linaniuma, maana nusu yake ni kweli. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kuundwa mahsusi kwa eksirei za angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Heineman 1981 na Nobel 2002. Bahari yetu, neno letu, washindi wao. Lakini kuzibeza tuzo hakutatupatia mshindi hata mmoja.

Mwalimu wa fizikia wa Kahama, mwanafunzi akikuuliza dhahabu imetoka wapi, tafadhali usiishie kwenye mwamba.