Kabla ya Kununua Amplifaya, Tusogeze Maiki

Wiki mbili sasa tunagombana juu ya kisanduku ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukigusa. Grupu ya WhatsApp imejaa voisi, wengine wameacha kusalimiana, na bajeti inatakiwa Ijumaa. Tumeona afadhali tuandike wazi tunavyofikiri, ili vijana wa vikundi vingine na nyinyi watu wa mashirika mnaotusoma muone kabla na nyinyi hamjaingia katika shimo hili hili.

Mambo yalianza hivi. Ndugu yetu mmoja, tuliyekuwa naye hapa kabla hajahamishiwa Ulaya, alitutumia zawadi: hedifoni nzuri, Beyerdynamic DT 770 Pro, ile ya omu 250. Tulifurahi kama watoto. Tukaichomeka kwenye simu, tukasikiliza. Sauti ikawa chini. Mdogo wetu mmoja akasema, "Yaya, huyu mama anaongea kama iko ndani ya bido." Tukacheka, lakini alisema kweli.

Hapo wenzetu wa Kasese wakasema: hedifoni ya namna hii haiwezi kufanya kazi na simu. Inataka amplifaya yake ya mezani, na kigeuzi chake, yaani kile kifaa kinachobadilisha namba za kompyuta kuwa umeme wa sauti. Wakauliza bei Kampala, wakaambiwa vyote viwili ni shilingi 1,200,000. Wakaandika kwenye bajeti: "Vifaa vya sauti, lazima." Wenzetu wa Bwera wakajibu: lazima kwa nani? Pesa hiyo ni nauli ya mzima mwaka ya kwenda Mpondwe kuongea na watu waliovuka jana.

Sisi si wanamuziki. Tunarekodi watu wetu. Mama anavuka kutoka Kasindi na watoto watatu wakati walikuwa wanne. Mzee anasimulia shamba lake la kakao upande wa Beni. Rekodi zingine ni za kupeleka ujumbe. Tunakumbuka Juni 2019, wagonjwa wa Ebola iliyovuka kutoka Congo walipothibitishwa hapa wilaya ya Kasese na kutibiwa Bwera: uvumi ulikuwa unakimbia kuliko boda, na mtu aliamini sauti ya anayemfahamu kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani. Kwa hiyo sauti kwetu si starehe. Mtu anakaa na hedifoni, anasikiliza Kinande au Kiswahili cha Beni, anaandika neno kwa neno, na kutokana na karatasi hiyo mtu mwingine anaanza kutafuta mtoto.

Tuwe wakweli, kosa letu moja ndilo lililotufanya tuandike haya. Mwaka jana mama mmoja alituambia alikomwacha mwanawe kwa shangazi. Tuliandika Mangina. Alikuwa amesema Manguredjipa. Zote zinaanza sawa, na pale katikati ya neno lori lilipita. Wiki tatu zilipotea watu wakiulizia mahali pasipo. Mtoto alikuja kupatikana, Mungu asifiwe, lakini zile wiki tatu mama yake alizilala akiwa macho. Kwa hiyo mtu akisema "tunahitaji kusikia vizuri zaidi", hakuna anayepinga. Swali ni moja tu: je, kile kisanduku cha mezani ndicho kingetusaidia kusikia Manguredjipa?

Tuanze na upande wa wenzetu wa Kasese, kwa sababu hawajakosea kila kitu. Hedifoni zinatofautiana. Ukinzani wake unapimwa kwa omu. Zile za kawaida za simu huwa na omu 16 hadi 32, na simu yoyote inazisukuma. Yetu ina omu 250, kwa hiyo inataka volti nyingi zaidi ili ipige kelele sawa. Hiyo ni kweli, si maneno ya muuzaji.

Lakini tufanye hesabu badala ya kuogopa namba. Mtengenezaji anasema hedifoni hii inatoa desibeli 96 ikipata miliwati moja. Kwa omu 250, miliwati moja ni nusu volti. Tundu la hedifoni la simu nyingi hutoa kati ya nusu volti na volti moja. Maana yake, pale sauti ya rekodi inapofika juu kabisa, simu ya kawaida inaifikisha hedifoni yetu kwenye desibeli 96, na simu nzuri inaifikisha 102. Hizo ni kelele, jamani. Hiyo si sauti ya mtu aliye ndani ya bido.

Sasa kwa nini tulisikia bido? Kwa sababu mama yule hakurekodiwa juu. Mtu akiongea kawaida, sauti yake ya wastani huwa kama desibeli 20 chini ya vilele vyake. Toa 20 kwenye 96, unabaki na 76, bado safi. Lakini sisi tulimrekodi kwa simu iliyowekwa mezani, mita 2 kutoka mdomoni mwake, dirisha likiwa wazi barabarani. Hapo unapoteza kama 20 zingine. Unabaki na 56, na mahali panapopita malori ya Mpondwe mchana kutwa, 56 ni kunong'ona.

Amplifaya ingefanya nini hapo? Ingeongeza mama, ndiyo. Ingeongeza na lori vilevile. Amplifaya haijui nani ni mama na nani ni lori. Vyote viwili vimeshaingia kwenye rekodi pamoja, kama mchanga ndani ya unga, na kuongeza moto hakutoi mchanga kwenye ugali.

Kinachotenganisha mama na lori ni umbali. Kila ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja inaongezeka karibu desibeli 6. Kutoka mita 2 kwenda mita 1, sita. Kwenda nusu mita, kumi na mbili. Kwenda sentimita 25, kumi na nane. Desibeli 18 ni kama nguvu mara 60, na lori halikuongezeka hata kidogo, maana lenyewe bado liko barabarani. Hiyo ndiyo amplifaya ya bei ndogo kuliko zote: inua kiti, sogea karibu na mama, mwombe ruhusa ya kushika simu karibu na kidevu chake, funga dirisha. Tandika blanketi mezani kama chumba kina mwangwi. Haina waya, haihitaji umeme, haitoki Kampala.

Na kigeuzi je? Hapa wengi wetu tulikuwa tumeelewa vibaya. Tulidhani simu haina kigeuzi. Kumbe kila simu inayotoa sauti inacho tayari, vinginevyo usingesikia hata mlio wa ujumbe. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16, na kiwango hicho kinatosha masikio ya binadamu kwa kusikiliza muziki wowote. Vigeuzi vya bei ndogo vya leo vinafika hapo. Tena rekodi zetu nyingi zinatufikia kama voisi za WhatsApp, ambazo zimebanwa ili zisile bando. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, hata ukinunua kigeuzi cha bei ya pikipiki. Mtu wa Mpondwe akiturushia rekodi, airushe kama faili ya hati, si kama voisi. Hiyo peke yake itatusaidia kuliko kisanduku.

Tulijaribu pia kwa masikio. Tulicheza rekodi moja kwenye simu mbili tofauti na kwenye laptopu, tukasawazisha sauti ili zote ziwe sawa, msikilizaji amefumba macho. Waliokuwa na uhakika kabisa walianza kubahatisha. Jambo la kusawazisha lina maana yake: kifaa kikiwa juu kidogo tu, sikio linakiita "safi zaidi". Muuzaji anajua hilo. Mwingine atakuambia hata waya wa shaba maalumu unabadilisha sauti. Ndugu, sisi tunaishi chini ya Kilembe, shaba tumeiona kabla ya yeye.

Sasa tuwape wenzetu haki yao. Kuna hali tatu ambazo kifaa cha nje kinahitajika kweli. Ya kwanza, laptopu yako ikipiga shiiii au mvumo kwenye hedifoni, hasa ikiwa kwenye chaja. Hapo kigeuzi kidogo cha nje cha USB kinaweza kuondoa makelele hayo. Ya pili, simu yako haina tundu la hedifoni. Hapo unahitaji adapta ndogo, ile ya ukubwa wa kidole, na ndani yake kuna kigeuzi na amplifaya ndogo vyote viwili. Ya tatu, una hedifoni ngumu kuliko yetu, na umeshahakikisha rekodi imerekodiwa vizuri, volyumu iko mwisho, na bado husikii. Mtu wa hali ya tatu anunue, hatutamcheka.

Lakini hata mtu huyo aangalie kabatini kwanza. Sisi tuliangalia, tukaona aibu. Kuna kisanduku cha kurekodia cha USB, chenye matundu mawili ya maiki, tulichoachiwa na mradi uliokwisha. Kilikaa kwenye mfuko wake tangu siku hiyo kwa sababu mtu alisema ni cha muziki. Mbele yake kuna tundu la hedifoni na kitufe chake cha kuzungusha. Yaani kigeuzi tunacho. Amplifaya tunayo. Kinakula umeme wa laptopu, kwa hiyo umeme wa Bwera ukikatika kazi inaendelea, wakati kile cha mezani cha 1,200,000 kingekuwa kinatuangalia tu gizani. Tulichomeka ile hedifoni. Tulipunguza volyumu, hatukuongeza.

Na kuna jambo la mwisho ambalo halikuzungumzwa kwenye grupu. Wanaoandika rekodi zetu wanakaa na hedifoni saa sita, saa saba kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, muda salama unashuka mpaka saa 4 tu, kwa wiki nzima. Rekodi mbaya ndiyo inayomfanya mtu apandishe volyumu. Tukimpa na amplifaya kubwa juu ya rekodi mbaya, tunamwambia atumie masikio yake kulipia uvivu wetu wa kusogeza kiti. Sikio likiharibika kwa kelele halina spea.

Kwa hiyo msimamo wetu, wengi wetu wa Bwera na sasa karibu wote wa Kasese: hedifoni nzuri haihitaji amplifaya na kigeuzi cha mezani kwa sababu tu ni nzuri. Inahitaji rekodi nzuri. Tumefuta ule mstari kwenye bajeti. Mahali pake tumeandika maiki mbili za kubana kwenye nguo, blanketi nne, nauli ya Mpondwe, na posho ya mtu wa pili wa kusikiliza kila rekodi yenye jina la mtoto au la mahali.

Huyo wa pili ndiye tunayemwombea zaidi kwenu watu wa mashirika. Tunajua mstari wa "vifaa" unapita haraka, kwa sababu kifaa kinapigwa picha na kubandikwa stika. Posho ya kusikiliza haina picha. Lakini lile neno la Manguredjipa lingeokolewa na mtu wa pili mwenye masikio ya Kinande, ambaye angesema, "Simamisha hapo. Sijasikia mwisho wa neno. Turudi tumuulize mama."

Vijana wa vikundi vingine, kama mna kisanduku kabatini msichojua kazi yake, kileteni Jumamosi. Leteni na rekodi yenu moja mbaya. Tutasikiliza pamoja, na dirisha tutalifunga.