Wapangaji wa Masumbwe huifuata dhahabu

Mwandishi aliyewashauri ndugu zetu wa ughaibuni wanunue vyumba vya kupangisha Masumbwe, vilivyokamilika na vyenye wapangaji tayari, amewaonyesha mlango akawaficha msingi.

Mpangaji wa hapa mara nyingi ni mchimbaji mdogo. Duara, yaani shimo lake la kuchimbia, likitoa dhahabu, analipa kodi ya miezi mitatu taslimu. Rashi, yaani mkimbilio wa dhahabu mpya, ikisikika kwingine, alfajiri anakunja godoro, analifunga kwenye bodaboda, na ufunguo unabaki ukining'inia kitasani. Nimewahi kuhesabu milango minne ya namna hiyo kwenye nyumba moja, ndani ya wiki moja. Hata mgodi mkubwa huisha: Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Hesabu ya faida ya mwandishi ina miezi mingapi ya vyumba vitupu? Haina hata mmoja.

Anasema pia kwamba hati ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji yatosha. Haitoshi hata kidogo. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, na inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, si mtu mmoja mwenye muhuri mfukoni. Tena, aliyechukua uraia wa huko ughaibuni, tuseme wa Marekani, si raia wa Tanzania tena; asitume hata shilingi kabla wakili hajamweleza anaruhusiwa kumiliki nini.

Na bei rahisi ya vyumba hivyo ina sababu. Kwaruza ukuta kwa ufunguo: plasta ikimwagika kama unga, saruji ilibaniwa. Picha ya simu haikwaruziki. Ndugu, pesa hiyo umeichuma kwa zamu za usiku. Mtume mtu asiyelipwa na muuzaji, aikague nyumba mvua ikinyesha.