Kiatu Kisichoshoneka

Kila nikisema viatu vya sponji, hivi vyenye matundu tunavyoviita Crocs hata vikiwa vya kuiga, si viatu vya kila siku, watu hunirukia kana kwamba nimewatukania mama. "Lakini ni vyepesi! Lakini haviumi! Na vinadumu!"

Mawili ya kwanza nakubali. Muuguzi anayesimama zamu nzima, mama anayeuza mboga tangu alfajiri, hao siwezi kuwabishia. Sponji ile ina vipovu vya hewa vilivyofungwa ndani, ndiyo maana inabonyea chini ya kisigino na hainyonyi maji. Ukikanyaga tope, unasuuza kwa mfereji na safari inaendelea.

Hilo la tatu ndilo siwezi kulimeza.

Vipovu hivyo hivyo vinavyokubembeleza ndivyo vinavyokufa. Kila hatua inavikandamiza, mpaka siku moja unahisi kila kokoto chini ya wayo. Vianike juu ya bati jua likiwa kali, vinasinyaa. Meno ya soli yakiisha, sakafu yenye maji inakuangusha kama umekanyaga ganda la ndizi.

Vyangu, vya kuiga, nilinunua sokoni shilingi 400. Miezi mitano, soli ikapasuka katikati. Nikampelekea fundi wa mtaani, yule wa chini ya mwavuli. Akavigeuza, akacheka.

"Hii siwezi, bro. Nikishona, uzi unakata sponji. Nikibandika na gundi, kesho uko hapa tena."

Sikuwa nimewahi kuona fundi akikataa pesa.

Sasa linganisha na akala. Akala ya tairi ni nzito, na wiki ya kwanza inakuchubua bila huruma. Lakini mkanda ukichomoka, ni msumari mmoja na shilingi chache, unatembea. Kiatu cha ngozi kinabadilishwa soli. Cha sponji kinatupwa. Ati bei rahisi! Nunua jozi mbili kwa mwaka, uwanunulie na watoto watatu, kisha unipigie hesabu ya huo urahisi.

Na kikishatupwa, hapo ndipo kinadumu kweli. Mwaka 2018 kule Lamu ilizinduliwa Flipflopi, mashua iliyojengwa kwa taka za plastiki na kufunikwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mashua nzuri, nawapongeza mafundi wake. Lakini hebu waza: ndara hizo zote zilishamshinda mtu kuvaa, na bado hazikuoza.

Vaeni basi, sikatazi. Vaeni nyumbani, vaeni penye maji, vaeni kama miguu inawauma. Ila kabla ya kutoa pesa kwa jozi nyingine eti ya kudumu, pitia kwa fundi wa mtaani kwako umuulize kama ataweza kuishona. Akicheka, rudisha pesa mfukoni.