Jiko Halitengenezwi kwa Nyaya za Shaba

Hoja za wapinzani mmezisikia: kwamba fundi wa soko la Nuu, hapa Kitui, anayeunda vitu kwa chuma chakavu na michoro ya bure anauza bidhaa duni, anachochea wizi, anamnyima mbunifu jasho lake, na kwamba michoro hiyo ni ya watu wa Nairobi. Zipimeni moja moja.

Wanasema chuma chakavu hakidumu. Majiko mabovu yapo sokoni, hilo sikatai. Lakini chukueni jiko la makaa lenye kiuno chembamba mlitazame linapoharibika. Bati lake hukatwa kwenye pipa kuukuu la mafuta, ila mara nyingi kinachotangulia kupasuka ni udongo wa ndani, kwa kuwa haukuchanganywa vizuri au ulitolewa tanuruni kabla ya kuiva. Udongo huo ni malighafi mpya, umechimbwa juzi. Kasoro iko kwenye uchomaji, na mfinyanzi anaweza kufundishwa.

Wanasema pia chuma chakavu huzaa wizi, na wanakumbusha Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara yake baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa. Wizi huo ni uhalifu, na marufuku iliondolewa Mei mwaka huohuo. Lakini jiko halitengenezwi kwa nyaya za shaba wala transfoma. Tena oneni wanavyojipinga: katika hoja ya kwanza chuma hicho ni takataka, katika ya pili kina thamani ya kuvunjiwa sheria. Wachague moja.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mchoro wa bure humuua mbunifu. Basi turudi kwenye jiko lilelile. Wazo lake lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, likarekebishwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watu kama Maxwell Kinyanjui pamoja na mafundi wa jua kali. Halikufungiwa hataza. Mafundi waliigana, wakashindana, na bei ikashuka kutoka karibu dola 15 hadi chini ya dola 5. Kwetu Kitui, ambako kaunti ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje mwaka 2018 ili kuokoa miti, jiko linalokula makaa machache na ambalo maskini anaweza kulinunua si jambo dogo. Wanaoogopa kwamba kampuni ya ng'ambo itajimilikisha mchoro ulio wazi waisome Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001: hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na kilichokwisha kuchapishwa hadharani si kipya. Kilicho hatarini ni ujuzi ambao haujaandikwa popote.

Mwisho, eti michoro ni ya watu wa Nairobi na Nuu ni mbali. Mabwawa ya mchanga yalifikaje, basi? Kikundi cha Utooni kilianza Machakos mwaka 1978, na leo kuta za mawe na saruji zimekatiza mito ya msimu Kitui na Makueni, zikahifadhi maji ndani ya mchanga. Watu waliona, wakaiga, wakajenga kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, bila intaneti. Vivyo hivyo, michoro ya mashine ya kusaga plastiki ya mradi wa Precious Plastic iko wazi tangu 2013. Inaweza kuchapishwa Mwingi na kuletwa Nuu kwa matatu. Fundi ataulizia mota na umeme, na hayo ndiyo maswali ya kupeleka kwenye baraza la wadi.