Msimfiche Bibi Harusi Maradhi ya Mama Yake



Leo sizungumzii nguo. Nazungumzia jambo ninaloliona kila msimu wa harusi, na nadhani wakati umefika tulikatae waziwazi: mzazi anaumwa katikati ya shughuli, nasi tunakubaliana kwa kunong'ona kwamba asiambiwe mtu mpaka harusi ipite. "Msimwambie bibi harusi." "Mwacheni alale, ni uchovu tu, kesho Ijumaa." Kwa maoni yangu, maneno hayo yanatuulia wazee wetu sawa na presha yenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu lipo Bagamoyo. Nashona za mabibi harusi na za mama zao, wa hapa, wa Dar es Salaam na wa Unguja. Fundi wakati mwingine huona mwili kabla ya daktari. Mama niliyempima mwezi wa Rajabu anakuja kujaribu mwezi wa Shaabani, nguo inamwagika kiunoni na yeye hajajinyima kula. Mwingine viatu vya shughuli havimwingii, miguu imevimba. Ukimuuliza anakwambia, "Presha tu mwanangu, nshaizoea." Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Mama zetu wa miaka 70 hawakuwamo kwenye hesabu hiyo, na presha hupanda kadiri umri unavyokwenda.

Sasa mchukue mama huyo umsafirishe. Anapanda boti Unguja, karibu masaa mawili baharini. Anashuka bandarini Dar es Salaam, anaingia garini, foleni ya Mwenge, Tegeta, Bunju, kisha Mapinga mpaka Bagamoyo, karibu kilomita 70. Asubuhi hiyo hakunywa dawa, kwa sababu ile dawa ya presha inayomkojoza anaogopa itamwaibisha njiani. Maji pia hakunywa. Akifika ni pilau, achari, halua na soda. Analala saa nane za usiku juu ya mkeka kwa sababu wageni ni wengi, na alfajiri ameshaamka yuko jikoni na wenziwe. Tunasema ajali haina kinga, lakini hii ina kinga, ni sisi tu hatuitafuti.

Kwetu lilitokea mwaka jana. Mama yangu mzazi alikuja kumwozesha mjukuu wake. Usiku wa kuamkia nikahi kikombe kilimponyoka mkononi, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayaeleweki. Ndani ya chumba kimoja zilitajwa dawa tano: kapigwa na upepo, asomewe, kapata jicho, sukari imeshuka, apewe maji ya sukari, apakwe mafuta ya habbat sauda, apewe aspirini. Na mlango ukafungwa, bibi harusi asisikie. Mimi na kaka yangu tulimbeba tukamtia kwenye bajaji, tukaenda hospitali. Presha ilikuwa 210 kwa 120.

Kabla ya alfajiri mdomo ulirudi na maneno yakarudi. Baadhi ya ndugu wakasema, si mnaona, mlikuwa mnatutia hofu bure. Daktari alitueleza kinyume chake. Alisema damu iliziba kwa muda mfupi ikielekea kwenye ubongo, kisha ikapita. Hilo ni onyo, na kiharusi chenyewe kinaweza kuja ndani ya siku chache zinazofuata asipotibiwa. Mwenye dalili zilizopita anahitaji hospitali sawasawa na mwenye dalili zilizobaki.

Bibi harusi aliambiwa usiku uleule na mama yake. Alilia, akaenda kumuona bibi yake, akarudi akasema mwenyewe kwamba taarabu iahirishwe. Nikahi ilifungwa Ijumaa hiyohiyo baada ya Laasiri, watu wachache, na ndoa haikupungua kitu. Walikuwapo wali, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mahari yake. Jukwaa na mapambo hayamo kwenye nguzo.

Najua mtanijibu kwamba kumwambia binti ni kumtia simanzi siku yake ya furaha. Nami nauliza: binti huyo akija kujua kwamba alikuwa anacheza huku mama yake amelala chumba cha nyuma mdomo umepinda, na nyumba nzima inajua isipokuwa yeye, mtamwambia nini? Atawasamehe lini? Simanzi ya usiku mmoja inapita. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingi mwenye kuficha ni mgonjwa mwenyewe. Mama zetu wamelelewa kutotaka kuwa mzigo, anaona akisema anaumwa ameharibu shughuli ya watu. Kwa hiyo msingoje aseme. Muulizeni.

Wengine watasema tumtegemee Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na kisomo ni haki. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kuhusu kujitibu aliamrisha watu wajitibu, akaeleza kwamba Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Uzee wenyewe hatuuondoi, ila presha na sukari ni maradhi, na dawa zake zipo. Na katika Surat Al-Israa, amri ya kuwafanyia wema wazazi imekuja pamoja na amri ya kumwabudu Allah peke yake, na wanaotajwa hapo ni wazazi waliofikia uzee wakiwa kwetu. Msomeeni mgonjwa mkiwa ndani ya gari, mnakwenda.

Haya ndiyo ninayotaka kila nyumba yenye harusi iyajue.

Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea, au maneno yakivurugika ghafla, ni hospitali, muda uleule. Angalieni saa dalili zilipoanza, maana daktari ataiuliza. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, haipatikani kila hospitali, na hutolewa ndani ya masaa manne na nusu baada ya kipimo cha kichwa kuonesha kwamba mshipa haukupasuka. Toeni humo foleni ya Bunju, mtaona kilichobaki. Aspirini msimpe wenyewe, kwa sababu kama mshipa umepasuka itazidisha damu kuvuja. Wala msimnyweshe kitu, atapaliwa. Maji ya sukari ni ya mwenye kisukari ambaye ana fahamu zake, anameza vizuri, na mdomo haukupinda.

Gari msilitafute usiku wa manane. Namba 115 tunayoisikia ni ya mpango wa m-mama, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa bibi yako itabidi mjipange. Kamati ya harusi ina fungu la keki, la mpambaji, la sare na la mshereheshaji. Iweke na fungu la bajaji au teksi moja itakayolala hapo nyumbani usiku wa shughuli. Gharama yake haifiki nusu ya keki.

Mzee anayesafiri abebe dawa zake kwenye mkoba wake wa mkononi, sio kwenye begi linalowekwa chini ya boti, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na kiasi anachokunywa. Ile dawa ya kukojoza, amuulize daktari kabla ya safari aichukue saa ngapi, asiiache kimya kimya. Wanaotoka visiwani waulize mapema kama bima ya mzee inafanya kazi upande wa pili wa maji. Mkifika hospitali, kumbukeni kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na zaidi kuwa mzee. Kile kibao cha "Mpishe Mzee Kwanza" mnachokiona ukutani kimewekwa kwa ajili yake.

Na wewe bibi harusi mtarajiwa unayesoma hapa, lipo moja unaloweza kulifanya mwenyewe. Wiki hii, kabla hujaja kwa fundi, mpeleke mama yako akapimwe presha na sukari. Kisha waambie shangazi zako na makungwi wako, mbele ya watu, kwamba mama akiumwa wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Ukishalisema hivyo, hakuna atakayethubutu kukufungia mlango.

Allah awape wazazi wetu afya na mwisho mwema, na waliotangulia awarehemu. Aamin.